Jua la Saa Tatu Usiku

Mazungumzo ya jioni, Tanga

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini nieleze safari tuliyoifanya mimi na mume wangu kule Hispania, Julai 2022, mabegi mgongoni. Kaniomba nisiwachoshe kwa picha. Picha sikuleta. Nimeleta daftari hili, ambalo ndani yake mna kosa moja la maandishi lililotukosesha makasri ya wafalme. Nitalifikia.

Najua swali la kwanza litakuwa viza, kwa hiyo nilijibu mapema tulimalize. Wakati ule tulikuwa tunaishi Ujerumani. Yeye anasomea upimaji ardhi, mimi nauza mikate alfajiri. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, mpaka siku tisini bila kuomba viza upya. Ukitokea hapa Tanga habari ni nyingine, na ni ndefu.

Sasa mabegi. Wengine mnaliita shanta. Langu lilikuwa kilo nane, la mume wangu kumi na moja, na katika zile tatu za zaidi, mbili zilikuwa unga wa sembe. Nilimcheka. Nilimwambia watu wanakwenda Hispania kula, wewe unakwenda na unga. Mimi nilichukua doti mbili za kanga, na kama yupo kijana hapa anayefikiria safari ya aina hii, akumbuke hilo kabla ya kununua vifaa vya bei mbaya. Kanga ilikuwa shuka, ilikuwa taulo, ilikuwa pazia la kitanda cha chini cha dabo deka, chumba cha watu wanane, na ilikuwa mtandio wa kujifunika mabega makanisani. Ikilowa usiku, asubuhi imekauka.

Tulianzia Barcelona, na sina mengi ya kusema juu yake. Watu walikuwa wengi kuliko mji. Kanisa la Sagrada Família, ambalo lilianza kujengwa 1882, tuliliangalia kwa nje kwa sababu tiketi mbili zingekula chakula chetu cha siku mbili. Mafundi walikuwa bado juu na winchi zao. Siku ya tatu tukapanda basi la Madrid.

Hilo basi ndilo lililonipa hotuba hii. Ni safari ya saa saba na zaidi. Ukishauacha mji wa Lleida unaingia katika nchi kavu ya Aragón, vilima vya rangi ya mkate, mti mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nasinzia. Mume wangu akanipiga kiwiko: "Bibie, tazama juu." Tulikuwa tunapita chini ya tao kubwa lililorushwa kutoka upande huu wa barabara mpaka ule. Nikamuuliza, daraja la nini hili lisilopitwa na mtu? Akasema, huo ndio mstari wa Greenwich, longitudo sifuri, ule unaopita London. Mpima ardhi huyo, alikuwa anaungoja tangu tutoke Barcelona kama mtu anavyongoja kumpokea ndugu yake stendi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya Hispania iko magharibi ya London. Ureno, jirani yake pale pale, inafuata saa ya London. Lakini Hispania inafuata saa ya Berlin. Machi 1940, vita ikiwaka Ulaya, serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, ilisogeza saa mbele kwa saa moja ili zilingane na za Ulaya ya kati. Vita ikaisha, Franco akafa, saa hazikurudishwa. Juu ya hiyo, majira ya joto yakifika wanaongeza saa nyingine kama nchi nyingi za Ulaya zinavyofanya. Matokeo yake, Julai, saa ya ukutani inakuwa imelitangulia jua kwa zaidi ya saa mbili.

Mzungu akisikia hivyo anaona ni jambo la kuchekesha kidogo, basi. Lakini ninyi ni Waswahili. Saa yetu inahesabiwa kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa sita jua liko utosini, saa kumi na mbili linazama, na hapa kwetu halibadiliki sana Januari mpaka Disemba. Neno na jua vinakwenda pamoja. Sasa jaribuni kusema kwa Kiswahili, bila kucheka, "Tukutane saa tatu usiku, jua likipungua makali." Ndivyo tulivyokuwa tunasemezana wiki mbili nzima.

Madrid tulifika saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hesabu ya saa ya mkononi. Kwa hesabu ya jua ilikuwa kama saa kumi alasiri, na joto lake. Njaa ilikuwa inauma kwa sababu kwenye basi tulikula biskuti tu. Mkahawa wa kwanza, mtu anapiga deki. Wa pili, viti viko juu ya meza. Wa tatu, bwana mmoja mpole akatuonyesha kwa vidole kwamba jiko linawashwa saa mbili na nusu, au tatu. Mume wangu akaniuliza kama watu hawa wamefunga. Chakula cha mchana kilikuwa kimeisha saa kumi, cha usiku hakijaanza, na katikati hapo mgeni mwenye begi anabaki na mkate na zeituni.

Basi unga ukatolewa. Tulisonga ugali katika jiko la hosteli, mwiko ukiwa ni kijiko cha mbao cha kugeuzia mayai, mboga ni nyanya, kitunguu na dagaa wa kopo. Vijana wawili wa Kikorea walisimama kutazama. Mmoja akaomba kuonja, akaonja, akaomba tena. Toka siku hiyo sijaucheka unga wa mtu.

Ilipofika saa tatu usiku tumeshiba, tumeoga, tunataka kulala. Nikaenda kufunga dirisha nikaona barabara ndiyo kwanza inajaa. Mabibi waliovaa magauni yaliyopigwa pasi wanatembea wameshikana mikono. Watoto na mpira. Watu wanapanga viti nje. Tulilala mji ukiamka, na nakiri kwamba niliwahukumu. Nilisema, watu hawa hawana nidhamu, watoto wadogo saa nne usiku wako njiani.

Mambo mengine ya Madrid nayapitia haraka. Jumba la sanaa la Prado linaruhusu watu kuingia bure kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, Jumatatu hadi Jumamosi. Mstari ni mrefu lakini unakwenda. Na pale katikati ya mji pana uwanja unaoitwa Puerta del Sol, maana yake Lango la Jua, ambapo barabara kuu za nchi zinahesabiwa kilomita kuanzia sifuri. Juu ya jengo lake iko saa ambayo nchi nzima huitazama usiku wa mwaka mpya, kila mlio mmoja zabibu moja mdomoni, mpaka zifike kumi na mbili. Tulikuta uwanja uko katika ukarabati, kwa hiyo tuliiona saa kupitia uzio.

Sasa Granada. Hapa ndipo pa daftari.

Mume wangu ni Mwislamu aliyelelewa Pangani na babu yake, na safari nzima kwake ilikuwa Alhambra, ngome na makasri ya wafalme wa Kiislamu waliotawala hapo zamani. Alinunua tiketi mwezi Mei, kwa sababu ukingoja Julai hupati. Tiketi ile ina jina lako, na sehemu yake moja, makasri ya wafalme wa Kinasri, ina saa kamili ya kuingia. Ukichelewa, umekosa. Alipoinunua alinitumia ujumbe mfupi mimi niko kazini: "Alhambra 20/7, 9." Mimi, mtunza ratiba, nikafungua daftari nikaandika kwa mkono wangu. Lipo hapa, atakaye aje kuona: "Alhambra, Jumatano, saa tisa."

Mmeona, eeh?

Yeye alikuwa ameandika tisa ya kompyuta ya Kijerumani. Mimi nimesoma tisa ya mama yangu. Angenipigia simu angesema saa tatu asubuhi, na hotuba hii isingekuwepo. Na kwa kuwa toka siku ile aliliamini daftari kuliko tiketi, Jumatano hiyo tuliamka taratibu, tukanywa chai, tukazunguka vichochoro vya Albaicín, mtaa wa zamani wa Granada, tukitafuta kivuli. Saa nane mchana tukaanza kupanda mlima. Tulipita Lango la Haki, ambalo Sultani Yusuf wa Kwanza alilijenga mwaka 1348. Juu ya tao la nje umechongwa mkono, juu ya la ndani ufunguo. Mume wangu akasimama muda mrefu chini ya maandishi ya Kiarabu akiyasoma neno moja moja. Nilikuwa naona furaha yake mgongoni, hata kwa nyuma ya begi.

Mlinzi akapitisha mashine juu ya simu. Ikalia vibaya. Akatazama, akatutazama, akainua vidole tisa, halafu akaonyesha kule jua linakotoka. Asubuhi.

Sitawaeleza maneno yote tuliyoambiana. Mtu na mume wake wakigombana kwa Kiswahili mbele ya mamia ya watalii, wana uhuru fulani. Yeye: "Bibie, kwa nini hukuandika asubuhi?" Mimi: "Mume wangu, kwa nini hukuandika saa tatu?" Yeye: "Nani Ulaya anasema saa tatu?" Mimi: "Na nani nyumbani kwetu anasema tisa asubuhi?" Na kwa kweli hakuna aliyekosea. Ndiyo maana ugomvi haukuwa na mwisho. Kosa lililokosa mwenyewe halina wa kuomba radhi.

Mlinzi alituruhusu bustani na ngome, kwa kuwa hizo hazina saa. Kwenye bustani za Generalife maji yanapita kila mahali katika mifereji midogo, mpaka kwenye kingo za ngazi. Tulikaa mbalimbali, yeye benchi lake, mimi langu, tukisikiliza maji. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na vyumba ambavyo kuta zake zimeandikwa tena na tena kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, maneno ya ukoo ule wa Kinasri uliokabidhi funguo za mji kwa wafalme Wakristo Januari 1492. Alikuwa ameyajua maneno hayo toka utotoni. Hakuyaona.

Jioni tulirudi Albaicín tukiwa bado tumenuniana. Karibu na uwanja wa San Nicolás, ambako wageni wote hukusanyika kutazama Alhambra ikigeuka nyekundu, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, na una bustani yake inayotazama kasri lile lile bila zile fujo za magitaa. Tulikaa humo. Mume wangu alikuwa anaangalia saa kila mara, maana kwake Magharibi ni saa kumi na mbili na nusu tangu azaliwe. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Jua lipo. Saa tatu, lipo. Saa tatu na nusu na dakika chache ndipo likajificha, na adhana ikasikika. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mchana, akasema, "Magharibi ya saa tatu na nusu usiku! Babu angenipiga." Akaenda kuswali. Niliyakunja yale ya mchana nikayaweka chini ya begi.

Córdoba hatukukosea. Ule msikiti mkuu ambao leo ni kanisa, ulioanzwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mnamo 785, huruhusu watu kuingia bure asubuhi, saa mbili na nusu mpaka tatu na nusu, isipokuwa Jumapili. Mimi ndiye niliyeandika, na safari hii niliandika: "asubuhi, kabla ya chai, ya MAPEMA." Nguzo mia nane hamsini na sita zimesimama kwenye giza la ubaridi kama shamba la minazi. Katikati yake, katika karne ya 16, walipandisha kanisa zima la kifalme. Unatembea ndani ya minazi yako na ghafla unatokea kwenye jumba la mtu mwingine. Kuswali hairuhusiwi. Mume wangu alisimama mbele ya mihirabu mikono ubavuni, na mlinzi naye akasimama karibu yake, wote wawili kimya, kwa adabu tu.

Nje, chini ya michungwa, walikaa mabibi wawili wakimsengenya mtu. Kihispania sikijui, lakini kila mara nilisikia "fulano... fulano." Nikamwambia mume wangu, hao wanamsema fulani! Na ndivyo. Waarabu wameacha neno moja huku na kule: fulano wao ni fulani wetu, hasta yao ni hata yetu, alcázar ni kasri, azafrán ni zafarani. Umbea umevuka bahari mbili bila kubadilika.

Halafu Sevilla, na hapa joto lilitufundisha adabu. Mwaka uliotangulia, Agosti, mkoa wa Córdoba ulikuwa umepita nyuzi 47. Mwaka wetu Sevilla ilikuwa imeamua kuyapa mawimbi ya joto majina kama tufani zinavyopewa, na la kwanza, lililokuja wiki ile ile tuliyofika, likaitwa Zoe. Kwa hiyo tulikutana na Zoe ana kwa ana. Nyuzi zilipita 40. Msiniambie "mbona sisi Tanga tumezoea." Joto la Tanga lina maji ndani yake, na upepo wa bahari. Lile ni la kutoka kwenye tanuri la mkate, na mimi nimefanya kazi mbele ya tanuri la mkate.

Mitaa ya maduka wameitandia vitambaa vikubwa kutoka paa hili mpaka lile. Wazee wanaweka maji kwenye botijo, chungu cha udongo chenye mdomo, kinachotoka jasho na kupoza maji, yaani mtungi wa bibi yangu wa Ngamiani uliowekewa mkono. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili hakuna mtu nje isipokuwa mtalii na mbwa wake. Siku ya kwanza tulikuwa sisi hao watalii. Tulipanda mnara wa Giralda, uliokuwa wa adhana na sasa ni wa kanisa kuu, ambao hauna ngazi bali miteremko thelathini na mitano ili mtu aweze kupanda na farasi. Farasi hatukuwa naye. Tulishuka mume wangu hana rangi, nikammwagia maji kichwani pale pale kanisani.

Siku ya pili tukasalimu amri. Tukashusha vibao vya dirisha, tukajilaza sakafuni juu ya kanga iliyoloweshwa. Mume wangu hawezi kukaa bure. Akasimamisha chupa ya maji kwenye kibaraza, na kila robo saa anatoka anaweka sarafu mahali kivuli cha kifuniko kilipoishia. Nikamwambia utaungua. Hakusikia. Saa sita mchana ya saa ya mkononi, kivuli kirefu. Saa saba, kinapungua. Saa nane, kinapungua bado. Saa nane na nusu kikafika ukomo wa ufupi wake, na sarafu iliyofuata ikaanza kurudi nje.

Akaingia amelowa jasho, anacheka. "Bibie, saa nane na nusu yao ndiyo saa sita. Utosini! Mchana wanakula jua likiwa kichwani, wanalala jua likiwa kali, kama mama yako." Kisha akahesabu usiku kwa vidole. Jua linazama saa tatu na nusu na ushei. Jiko linawaka karibu na Magharibi. Watu wanakula baada ya Magharibi. Watoto wanacheza nje Magharibi mpaka Isha. Vikongwe wanakaa barazani. Hiyo si Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani?

Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka nilivyowahukumu wale wa Madrid. Mimi ndiye niliyeishi Ujerumani miaka miwili nikila chakula cha usiku saa kumi na mbili na nusu, jua linawaka, madirisha yamefungwa, na nikaita hiyo nidhamu. Wahispania walibadilishiwa saa mwaka 1940. Matumbo yao yakabaki na jua.

Kituo cha mwisho kilikuwa Cádiz, mji uliozungukwa na bahari karibu pande zote, wenye upepo wa levante unaomvua mtu kofia. Ukitoka Sevilla, kushuka pale ni kama kufunguliwa chupa ya soda. Jioni watu wanakwenda ufukwe wa La Caleta, kati ya ngome mbili, kulisindikiza jua. Tulinunua tortillitas de camarones kwenye karatasi. Kina mama, hizi zinawahusu: unga wa ngano, unga wa dengu, kitunguu, kotimiri, na uduvi wadogo wazima wazima na maganda yao, zinakaangwa kwa mafuta mengi mpaka zinakuwa kama lesi. Ni bajia. Ni bajia ya uduvi, na nimeshaijaribu hapa nyumbani kwa uduvi wa sokoni kwetu, inakubali.

Babu wa mume wangu alikuwa na saa ya mkono aliyoiweka upya kila siku adhana ya Magharibi ikianza: mishale yote miwili juu, kumi na mbili kamili, kama wazee wa pwani walivyofanya. Wajukuu walikuwa wakimcheka. Pale La Caleta jua lilipogusa maji, mume wangu alivua saa yake bila kusema neno, akavuta kile kifundo cha pembeni, akazungusha mishale yote miwili mpaka juu, akangoja. Ukingo wa mwisho ulipozama akakibonyeza.

Tuliishi kwa saa hiyo siku mbili zilizobaki. Usiku ule, meza za jirani zilipoanza kuita wahudumu, nilimshika mkono nikaitazama. Ilikuwa saa moja na robo. Nikaagiza sahani ya pili ya uduvi.